Kilo Kumi na Tatu

Nawaandikia nikiwa nimekaa sakafuni sebuleni kwangu hapa Nottingham, mizani ya jikoni iko mbele yangu na vitu vyangu vyote vya safari vimetapakaa mkekani. Mama watoto amepita mara tatu akiitaka mizani yake apime unga wa maandazi, na mara zote tatu nimemwambia bado kidogo. Mhariri wetu aliposikia kwamba mtu wa miaka 54, mwenye goti bovu, anajiandaa kuendesha baiskeli kilomita 1,200 huko Japani, alicheka kwanza, kisha akaniomba niandike. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba niandike kabla ya kwenda, maana wanaorudi huwa wote mashujaa.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Shikoku. Ndicho kidogo kuliko vyote katika vile visiwa vinne vikubwa vya Japani, na kinazungukwa na njia ya mahujaji wa Kibudha inayopita kwenye mahekalu 88. Njia hiyo inahusishwa na mtawa aitwaye Kukai, ambaye watu wa huko humwita Kobo Daishi, aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 774. Aendaye kwa miguu huchukua siku 40 au zaidi. Siku hizi wengi huenda kwa basi au kwa gari, na wachache, kama mimi Mungu akipenda, kwa baiskeli. Nimejipa siku 22 kuanzia katikati ya mwezi wa Oktoba, maana Juni na Julai ni masika yao, na Agosti na Septemba ndiyo miezi mikubwa ya vimbunga.

Baiskeli sihitaji kuieleza. Mtu wa Tanga haulizwi kwa nini anapenda baiskeli. Marehemu baba alikuwa karani wa shamba la mkonge, na Raleigh yake nyeusi, yenye keria na dinamo, ndiyo iliyokuwa gari la nyumba yetu. Kuna siku tulipanda watu wanne. Nilipofika mji huu mwaka 1993 kusomea uhandisi wa mitambo, kabla hata ya kufungua akaunti ya benki nilikwenda kulitazama lango la kiwanda kilichoiunda ile baiskeli. Kiwanda hicho kiliacha kuunda baiskeli hapa mwishoni mwa 2002, na sehemu ya viwanja vyake leo ni majengo ya chuo kikuu. Kila nikipita pale namkumbuka baba akifuta spoku kwa kitambaa cha mafuta, Ijumaa asubuhi, moja moja, utadhani anahesabu tasbihi.

Japani ndiyo inayohitaji maelezo. Miaka ya themanini, nilipokuwa sekondari, tulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyetoka Japani kwa kujitolea. Alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Marehemu mama, kama mjuavyo mama zetu, hakuweza kulala akijua kuna kijana peke yake mtaa huo huo anakula mkate mkavu. Basi kila jioni nilitumwa na sahani iliyofunikwa kawa: wali na mchuzi wa samaki, au mhogo wa nazi, au chochote kilichokuwapo. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akainama mpaka mchuzi ukamwagikia shati. Sahani ilirudi imeoshwa na haikurudi tupu hata siku moja. Mara mayai mawili, mara sukari kwenye karatasi. Mama alifurahi sana, akasema huyu kalelewa.

Siku moja, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, mwalimu alituambia kwamba kisiwani kwao kuna watu wanaozunguka wamevaa nyeupe, na wakulima huwasimamisha njiani kuwapa machenza, au chai, au hata pesa, na kwamba anayetoa ndiye anayeshukuru. Mama hakushangaa. Alisema, "Basi ni kama sisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisiwa hicho ndicho Shikoku. Mwalimu aliondoka baada ya miaka miwili, na siendi kumtafuta. Lakini lile neno lilibaki kichwani mwangu miaka karibu 40, na sasa watoto wamemaliza vyuo, nyumba imelipwa, na goti langu lingine bado zima.

Maandalizi ya chuma ni rahisi, nami niliyafurahia mno kiasi kwamba nilidhani ndiyo maandalizi yenyewe. Gia ndogo kabisa ya baiskeli yangu ni meno 30 mbele na meno 36 nyuma, yaani nikizungusha pedali mara moja gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Nikipiga pedali mara 60 kwa dakika nitakwenda kilomita 6 na kidogo kwa saa, na mtembea kwa miguu mwenye haraka ataniacha. Mimi ni kilo 84, baiskeli kilo 13, mizigo kilo 13, jumla kilo 110. Kwenye mlima wa asilimia 8, kwa mwendo huo, miguu yangu inatakiwa itoe wati 150 kuupandisha uzito huo, bado ya msuguano. Kila kilo ninayoongeza inanidai wati 1.4. Ndiyo maana ya mizani sebuleni. Nimekata mpini wa mswaki. Nimezitoa karatasi za kitabu cha ramani nisizozihitaji. Mama watoto anasema ningepunguza tumbo kwanza, na kihesabu hana kosa.

Milima ipo. Hekalu la 66, Unpenji, liko karibu mita 900 juu ya bahari, na la 12, Shosanji, karibu mita 700, na njia ya miguu ya kulifikia ina sehemu ambayo mahujaji wenyewe wameipa jina la mahali pa kubiringishwa. Kati ya hekalu la 37 na la 38, huko kwenye rasi ya Ashizuri, ni zaidi ya kilomita 80 bila hekalu lingine. Kwa mazoezi nimekuwa nikienda Derbyshire kila Jumamosi. Pale Winnats Pass, penye mwinuko wa asilimia 20, nilishuka nikasukuma, tena mbele ya kondoo.

Siku hiyo hiyo, nikirudi, tairi la nyuma lilipasuka mara mbili katika mvua, na mikono ilikufa ganzi nikashindwa kubandika kiraka. Bibi mmoja mwenye shamba alitoka akaniambia ingia unywe chai, baba, uote moto. Nikamjibu kwa tabasamu kwamba niko salama kabisa. Niko salama, meno yanagongana! Nilisukuma baiskeli hadi kijijini nikitetemeka. Wakati ule sikuona kasoro yoyote katika jibu langu. Ikumbukeni hiyo, nitairudia.

Sheria za barabarani hazitutishi sisi: Japani huendesha kushoto kama Uingereza na kama nyumbani. Kuna mahandaki mengi, kwa hiyo nimenunua taa mbili za nyuma na fulana inayong'aa. Kwenye treni baiskeli lazima ivuliwe magurudumu na kutiwa mfukoni ifunikwe yote, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 250. Nimefanya zoezi hilo gerejini kwa saa mkononi: dakika 19. Nitaingia kisiwani kwa njia ya madaraja yaitwayo Shimanami Kaido, kilomita 70 kutoka Onomichi hadi Imabari, ambayo yana njia yake ya baiskeli. Hapo mhandisi atasimama sana. Daraja la Tatara lina mita 890 kati ya mnara na mnara, limeshikiliwa na nyaya zinazoshuka moja kwa moja kutoka minarani, na lilipofunguliwa mwaka 1999 hakukuwa na refu kama hilo la aina yake duniani. Kwa hilo peke yake ningelipa nauli.

Baiskeli, basi, haitakiwi kuwa uchi. Mwenyewe je? Nilipofika kwenye sura ya mabafu ya pamoja, ya maji ya moto, ambapo wanaume huoga pamoja bila hata kikoi, nilikifunga kitabu. Nilikifungua tena kesho yake nikitumaini nilisoma vibaya. Nimetafuta nyumba za wageni zenye bafu la chumbani, na pasipokuwapo nitaoga saa ambayo Wajapani wamelala.

Lugha imenishangaza kwa wepesi wake mdomoni. Irabu zao ni zile zile tano zetu, na karibu kila silabi inaishia na irabu: Imabari, Matsuyama, Takamatsu. Mswahili anayasoma majina hayo vizuri kuliko Mwingereza yeyote. Wao pia wana namna ya kusema na mkubwa na namna ya kusema na rika, na mtu aliyefundishwa shikamoo haoni ajabu. Lakini kuna mitego. Neno nani kwao ni "nini", na nimeshaulizwa "nani?" nikajitaja jina. Na milimani kuna mji mmoja ambao jina lake linaanza na neno lao la dubu, mnyama yule wa porini. Sitaliandika hapa, maana gazeti hili linasomwa na wazee na watoto. Mwenye hamu atazame ramani ya Ehime, akiwa peke yake.

Chakula nilikiogopa zaidi kuliko inavyostahili. Mimi ni Mwislamu, na shida kubwa si nguruwe, anayeonekana, bali mvinyo wa kupikia uliomo ndani ya michuzi. Nimejifunza sentensi nne za kuuliza na nimeziandika kwenye kadi kwa maandishi yao. Halafu nikasoma kwamba supu ya zile tambi nene za Kagawa hupikwa kwa dagaa wakavu, nikacheka peke yangu. Nimevuka bahari tatu kwenda kula dagaa.

Kuhusu dini yenyewe nimejiwekea mpaka. Siendi kuhiji kwao. Sitafukiza ubani wala kuvaa ile fulana nyeupe, ingawa ilinigusa niliposoma maana yake: ni vazi la maiti, kwa kuwa zamani hujaji alitoka kwake akijua anaweza kufia njiani, na fimbo yake ndiyo ingesimama juu ya kaburi. Aliyewahi kuvaa ihramu anaijua hisia hiyo. Nitafika langoni, nitasalimu kwa heshima, nitanyamaza wanapoomba.

Lakini hapo ndipo nilipokwama. Ile desturi aliyoieleza mwalimu wetu ina jina lake, o-settai, na ingali hai. Kama si hujaji, nitapokeaje sadaka ya mahujaji? Nilimpelekea swali hilo mwalimu wangu wa Kijapani, mama wa makamo mzaliwa wa Osaka anayetufundisha jioni. Hakunijibu. Alifungua mkoba wake akatoa chenza akanipa. Nami, bila kufikiri, nikasema ahsante, usijisumbue, nimeshakula. Akaliweka mezani mbele yangu. Akasema huko unakokwenda jibu hilo halipo. Anayekupa hakuchunguzi wewe ni nani. Anataka naye apate sehemu katika safari, na ukikataa umemfungia mlango. Kisha akanisimamisha mbele ya darasa, mzee mzima, tufanye mazoezi: mikono miwili, kichwa chini, neno la shukrani, usiangalie kitu, mwangalie mtu. Mara sita. Kufikia ya sita lile chenza lilikuwa limepata joto.

Nilimsimulia mama watoto nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Lakini wewe hujawahi kupokea kitu cha mtu." Nikabisha. Akanitajia yule bibi wa Derbyshire, akataja jirani aliyetaka kutusaidia tulipohama, akataja kaka yake aliyetaka kutukopesha mwaka nilipopunguzwa kazini, nikachukua mkopo wa benki wenye riba kuliko kuchukua wa shemeji. Kila mfano ulikuwa kweli, na kila mfano nilikuwa nikiuhesabu kama sifa yangu.

Nadhani si mimi peke yangu. Sisi tuliokuja huku tumekuwa hodari wa kutoa. Tunatuma kila mwezi, tunachanga misiba, tunalipa ada za watoto ambao hatujawaona. Kupokea ndiko kulikotutoka. Mtu akitoka nyumbani na kikapu cha maembe tunamlaumu kwa nini kajitaabisha, na hapa kila kitu kipo dukani.

Mwaka 1993 ndege iliruhusu kilo 20. Nilipima sanduku langu kwenye mizani ya duka la mtaani likafika kilo 20 kamili, nyingi zikiwa vitabu ambavyo baadaye nilivikuta vyote maktabani huku. Asubuhi ya safari, basi la Dar es Salaam linasubiri, mama akaja na furushi la kanga: visheti, dagaa wa kukaanga, achari ya embe, chupa ya asali. Nililishika, nikalipima kwa mkono, nikasema, "Mama, hizi ni kilo tatu. Uzito hauruhusu." Nilisema kwa upole, tena kwa fahari ya kijana anayejua hesabu. Akasema, "Haya mwanangu," akalirudisha ndani. Dada yangu aliniambia miaka mingi baadaye kwamba furushi lile lilikaa juu ya kabati wiki nzima na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua.

Nilirudi nyumbani mara mbili kabla hajafariki. Nilikwenda na masanduku yamejaa nikarudi nayo matupu, na nilijiona mtoto mwema. Mama alifariki mwaka 2004. Nilifika siku ya pili baada ya maziko.

Juzi usiku nilifanya hesabu ambayo sikuiandika kwenye daftari la safari. Kilo 3, mlima wa asilimia 8, mwendo ule ule: wati 4. Dinamo ya Raleigh ya baba ilikuwa ya wati 3, naye aliisukuma kila usiku wa maisha yake ya kazi bila kulalamika.

Kwa hiyo nimeanza kufungasha upya. Kilo 13 zimeshuka hadi 10. Nimetoa jiko la gesi, tairi la akiba, kamera na shati la tatu, na mfuko mmoja wa pembeni, wa kulia, nitaondoka nao mtupu. Hujaji akipewa kitu humpa mtoaji kikaratasi chenye jina lake, mahali atokako na ombi lake. Vile vya kwao sivichukui, kwani hutumika pia mahekaluni, lakini nimechapisha kadi zangu ndogo za shukrani, 100. Kwenye nafasi ya mahali nilikaa saa nzima. Mwanangu alisema andika Nottingham, ndiko unakolipa kodi. Nimeandika Tanga, na Nottingham chini yake kwa herufi ndogo. Nafasi ya ombi nimeiacha wazi.

Jana usiku, nilipodhani nimemaliza, mama watoto alikuja sebuleni na pakiti ya visheti aliyoifunga kwa nailoni, akaiweka juu ya mizani bila kusema neno. Gramu 640. Nilinyoosha mikono yote miwili. Akasema, "Kichwa hukuinamisha," na akachukua mizani yake.

Ndege ni Jumanne. Kama kuna msomaji aliyewahi kuishi pande hizo, tafadhali aniandikie kupitia kwa mhariri kabla ya siku hiyo, hasa kuhusu mahandaki ya pwani ya Kochi, na ni saa ngapi hasa Wajapani huwa wamekwisha kuoga.